Maombi ya Cheti cha Kutokwenda Vitani

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Askari Wastaafu,

Mheshimiwa,

YAH: KUOMBA CHETI CHA KUTHIBITISHA KWAMBA SIKUWAHI KWENDA VITANI

Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, maana ni ndefu, na ukiisoma umesimama utaumwa miguu halafu lawama zije kwangu. Mimi ni mzima wa afya, ila kichwa. Kichwa changu kimenyolewa upande wa kulia tu, na upande wa kushoto nywele zipo kama zilivyokuwa, jambo nitakalolieleza katika lalamiko la tano. Kwa sababu hiyo nakuandikia nikiwa nimevaa kofia ya sufu, na jua la huku kwetu halina masihara.

Kwa kujitambulisha, mimi ni koplo mstaafu, na vitani nilikuwa mpishi wa kombania. Mtaani wananiita Afande Sufuria, jina ambalo silikatai kwa sababu sufuria nilizibeba kweli, tena za moto. Tangu nivue magwanda nimekuwa raia mwema. Sina kesi, sina makundi, wala sina tabia ya kuyasemea mambo nisiyoyajua. Mke wangu, ambaye ni mkunga mstaafu, ni shahidi: miaka yote sikumwingilia kazi yake hata siku moja, isipokuwa pale nilipoona kuna haja ya kumwelekeza.

Sasa Mheshimiwa, naiomba ofisi yako initolee cheti chenye mhuri, kinachosema kwamba mimi sikwenda vitani. Najua nilikwenda. Wewe unajua, na magoti yangu yanajua zaidi yetu sote. Lakini huku mtaani aliyekwenda ndiye peke yake asiyeruhusiwa kuvisemea. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu wameigeuza: aliyekuwepo ndiye lake halipo. Sababu zangu ni hizi.

1. Kwamba vita vyetu vimehamia kwa kinyozi.

Kinyozi wetu ana kibanda chenye kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi la wanaongoja zamu. Wengi wa wanaongoja zamu wana vipara, kwa hiyo sijui wanangoja nini. Juu ya kioo ametundika picha ya kaka yake, kijana mwenye nywele nyingi, aliyekwenda vita hivi hivi vyangu na hakurudi. Picha imepigwa jua la dirishani na imeingiwa na poda mpaka sura yake imebaki ya kukisia. Sijawahi kumuuliza habari zake, naye hajawahi kunieleza. Sisi tuliotoka huko hayo hatuulizi.

Chini ya kioo kuna meza, na juu ya meza hiyo vita hupiganwa kila siku ila siku ya mapumziko. Kopo la poda ni mlima. Taulo iliyokunjwa ni mto, na kitana kilicholazwa juu ya taulo ni daraja. Chupa ya spiriti ni adui, kwa sababu inawasha. Kipande cha sabuni ndicho lori letu. Kila siku Kinyozi analisogeza lori mpaka karibu na daraja, analisimamisha, anapumua, kisha anasema kosa la wakubwa lilikuwa hapa: wangepita njia ya msituni. Basi analizungusha lori nyuma ya kopo la poda, analitokeza upande wa pili, na vijana wote wanashuka salama salimini. Benchi zima linaitikia kwamba hakika, hapo ndipo tulipokosea. Tulipokosea! Wao na nani, Mheshimiwa?

Siku moja niliomba ruhusa, mkono juu kama mtoto wa shule, nikasema kwa upole kwamba lori lilipita darajani. Nikajibiwa kwamba mpishi hukaa nyuma na masufuria yake, ya mbele atayajulia wapi. Nikashusha mkono.

2. Kwamba mto umegeuzwa.

Huyu aliyeugeuza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu tumbo moja, mwalimu mstaafu wa jiografia. Hajawahi kushika bunduki, ila ana redio na ana ramani. Redio humletea vita vya dunia nzima, na kwa sasa anaendesha vitatu, vyote anavishinda kabla ya chakula cha mchana. Ramani ndiyo anayoitumia kunirekebisha mimi.

Kwenye ramani yake, mto wetu unakwenda machweo. Nikamwambia: shemeji, mto ule nimechota maji kila alfajiri, na ndoo ikiniponyoka nilikuwa nikiikimbilia upande wa mawio, jua likinipiga usoni. Akanivulia miwani, akanitazama kama aliyeona daftari la mwanafunzi lenye alama za kukosa tupu, akasema ndoo si chombo cha jiografia. Mke wangu alicheka mpaka akatafuta kiti. Shemeji ni shemeji, simwezi, na chakula tunakula pamoja. Lakini ndoo yangu ilikwenda mawio.

3. Kwamba nimepewa marehemu nisiowajua.

Raia akishasikia ulikuwa vitani, swali lake ni moja tu: uliua wangapi? Mimi hujibu ukweli, kwamba niliua kuku, mbuzi, na siku moja ya njaa nyoka mnene aliyekuwa amelala kwenye gunia la chumvi. Hawapendi. Wanaguna, wanatazamana, kisha mmoja anawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba hawa ndio walioua wengi, ndiyo maana wanaficha. Hivi sasa, kwa hesabu za benchi, nimemaliza kikosi kizima kwa mwiko. Nikikana, ndiyo ninathibitisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa Mheshimiwa hawajakilalia kitanda na kunguni wanawahesabu.

4. Kwamba wengine wananihurumia.

Usije ukadhani nawalaumu wapenda vita peke yao. Mlango wa pili kutoka kwa kinyozi yupo Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambaye vita hataki hata kuvisikia. Yeye anasema vita vyote ni upuuzi wa wakubwa na sisi tuliokwenda ni watoto wa watu tuliodanganywa. Huenda ni kweli. Tatizo ni kwamba ananiambia mimi kana kwamba ni habari mpya, na anapenda kunishika bega akisema. Nikipita mlangoni pake anapunguza mwendo wa cherehani ili isinishtue. Alimwagiza mteja wake asifunge mlango kwa nguvu maana kuna mgonjwa wa vita anapita. Mgonjwa mwenyewe nilikuwa nimebeba mfuko wa vitunguu, napiga mluzi.

Nyumbani imekuwa hivyo hivyo. Kifuniko cha sufuria kikidondoka, wageni wote wananigeukia waone nitaingia uvunguni au la. Mheshimiwa, nimedondosha vifuniko vya sufuria maisha yangu yote. Kama sauti ile ingekuwa ya kuniumiza, ningekufa jikoni zamani.

Basi huku naambiwa mimi ni simba, kule naambiwa mimi ni kondoo, na katikati hakuna aliyeniuliza maji yalichemka saa ngapi.

5. Kwamba nimeachwa nusu kichwa.

Hili ndilo lililonifikisha kwako. Juzi nilikaa kwenye kiti cha Kinyozi, nimefungwa kitambaa shingoni, upande wa kulia umekwisha. Nilikuwa nimemwelekeza mara mbili namna bora ya kuinamisha mashine, naye alikuwa amenyamaza, kwa hiyo nilijua amenielewa. Mara akaizima mashine, akaiweka mezani ikawa kifaru, na vita vikaanza. Lori likafika darajani. Lori likasimama. Benchi likainamia mbele. Kinyozi akasema, kama ada, wangepita njia ya msituni.

Sijui nini kilinipanda. Labda ni kujiona kwenye kioo na nusu ya nywele. Nilisimama na kitambaa changu shingoni, nikasema kwa sauti ya paredi: "Breki alipita darajani, na mimi ndiye niliyebaki na chakula."

Breki alikuwa dereva wa lori lile. Jina lake la nyumbani silijui, jeshini nani ana habari na majina ya nyumbani? Tulimwita Breki kwa sababu hakuwahi kuzikanyaga. Sikuwa nimewahi kulitaja jina hilo mbele ya raia yeyote, hata mke wangu.

Unadhani jemadari wetu alijibu nini? Aliweka sabuni chini, akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakurudi. Nilikaa pale kwenye kiti mpaka niliposhindwa kuendelea kujitazama. Nikavua kitambaa, nikakikunja, nikaondoka na nusu kichwa mchana kweupe, kupitia mbele ya Mama Cherehani ambaye alizima cherehani kabisa.

Mheshimiwa, jemadari akishindwa hoja hukimbia, hilo nalielewa. Ila hamwachi mteja nusu. Nimekula kiapo kwamba kibandani kwake sikanyagi tena. Na nitasema ukweli, kiapo hicho kinaniuma. Mtu huyu amenishika kichwa tangu nirudi kutoka vitani. Ndiye wa kwanza mtaani aliyenigusa bila kuniuliza kitu. Benchi lile, pamoja na kelele zake zote, ndilo benchi langu, na tangu juzi nakaa uani naangalia kuku.

Baada ya malalamiko hayo, naomba nikueleze kitu ambacho ningekisema kama ningekuwa na cheti.

Ningekaa kwenye benchi kama raia mwingine yeyote, nikakunja nne, nikasema: mimi sikuwepo, lakini kwa maoni yangu, siku ya daraja mambo yalikuwa hivi. Vijana walikula asubuhi, wakapanda lori, wakaondoka wakiimba vibaya. Mpishi akaosha masufuria. Mchana akawasha moto tena, akapika maharage ya jioni kwa idadi ya kombania nzima, akaonja chumvi, akafunika. Jioni ikafika. Wakaja wachache, kwa miguu, na hawakuwa na njaa. Mpishi alikesha na chakula kile. Hakukimwaga, kwa sababu aliona kukimwaga ni sawa na kutia sahihi kwamba hawarudi. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu vita, mengine yote nayasikia kwa kinyozi.

Ona basi ilivyo ajabu: wote wana maoni na mimi sina. Wao wanajua nani alikuwa na haki na nani alikosea, mimi najua chakula kilibaki. Nikisema nilikuwepo, nanyamazishwa kama mpishi, naogopwa kama muuaji, au napapaswa bega. Asiyekwenda anasikilizwa hadi mwisho. Kwa hiyo njia pekee ya mimi kuvisemea vita ni kuthibitisha kwamba sikwenda. Sioni kasoro katika hoja hii, na nimeitafuta tangu asubuhi.

Iwapo cheti hakitawezekana, naiomba ofisi yako ichague mojawapo kati ya haya.

Kwanza, Kinyozi aitwe jeshini haraka na apewe cheo cha brigedia, aende na sabuni yake. Shemeji ateuliwe kuwa mkuu wa mito. Wale wa benchi wasambazwe kwenye makambi mbalimbali, ila wasiwekwe pamoja, kwa sababu hakuna kambi inayoweza kustahimili makubaliano yao.

Pili, kama umri wao hauruhusu, basi litumwe jeshi la uhandisi kule mtoni, likaugeuze mto uelekee machweo kama ramani ya shemeji inavyotaka. Ni rahisi kuuhamisha mto kuliko kumhamisha shemeji.

Tatu, na hili ndilo jepesi kuliko yote, niletewe kinyozi wa jeshi animalizie upande wa kushoto.

Nakutakia kazi njema na usingizi wa kutosha. Nisalimie wote hapo ofisini: katibu wako, wapiga chapa, mama anayewachemshia chai, mlinzi wa getini, na yule karani wa dirisha la pili ambaye kila mwaka huniuliza kama bado nipo hai. Mwambie nipo. Mke wangu anawasalimu. Kuku nao hawajambo.

Wako katika utumishi uliokwisha,

Afande Sufuria
Koplo mstaafu, mpishi wa kombania

Tanbihi:

Mheshimiwa, barua ilikuwa tayari kutiwa kwenye bahasha, lakini nilimsomea mke wangu kwanza ili nisikie inavyokwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Wewe ulizaa lini?" Nikamwambia sijaelewa. Akasema wiki iliyopita tu nilimkalisha binti yetu, ambaye ana mimba ya kwanza, nikamfundisha namna ya kupumua uchungu ukija, tena nikamwonyesha kwa mto wa kochi. Akanikumbusha nilivyomwelekeza yeye, mkunga, wakati wa uzazi wake mwenyewe. Kisha akanirudishia methali yangu ya kunguni, ile ya lalamiko la tatu.

Nikamuuliza mbona miaka yote aliniacha niseme. Akaniambia: "Ulikuwa umesimama nje ya mlango, mume wangu. Aliyefungiwa nje hana la kushika ila maneno."

Hapo hapo nikasikia hodi. Ni Kinyozi, mashine kwenye mfuko, kitambaa begani. Alinikalisha kwenye kigoda uani, akanivua kofia ya sufu, akaanza upande wa kushoto. Nikakumbuka kumwelekeza pembe ya mashine, nikanyamaza. Alipofika nyuma ya sikio akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba kaka yake alikuwa dereva. Alikuja likizo mara moja tu, akajisifu nyumbani kwamba wenzake wanamwita Breki. Baada ya hapo wao wa nyumbani waliambiwa neno moja tu, daraja. Tangu siku hizo amekuwa akitaka kuniuliza, akaogopa, akawa anazungusha sabuni.

Mheshimiwa, mimi niliyelalamika kwamba raia hawaniulizi la maana, nimekaa chini ya picha ya Breki miaka yote nikitazama nywele zangu.

Kinyozi akazima mashine. "Afande," akasema, "asubuhi ile kabla hajaondoka, alikula?"

Hilo ndilo swali la kwanza juu ya vita ambalo nimeulizwa na nikawa na jibu. Nikamwambia alikula mara mbili. Alirudi na sahani iliyorambwa, akasema ya kwanza ilikuwa ya kwendea na hii ni ya kurudia. Nikamgombeza kwamba anamaliza fungu la wenzake, huku mkono wangu unamjazia. Akaruka ndani ya lori bado anatafuna, akaniita mama mkwe. Kinyozi akarudia, mara mbili, mara mbili, akacheka, na machozi yakawa yanamtoka. Mimi pia nililia, na sioni haya kukuandikia. Mke wangu alituletea chai, akarudi ndani. Upande wangu wa kushoto sasa una alama ya mkono uliotetemeka, na sitaki irekebishwe.

Kwa hiyo nakuomba cheti kile usikitoe. Kama umeshakipiga mhuri, kichane. Niacheni hapo hapo kwenye orodha yenu, mpishi, nilikwenda. Kinyozi msimwite jeshini. Mama Cherehani nitamwambia mwenyewe kwamba kilichoniumiza si sauti za milango, naye huenda akaacha kunishika bega au akaendelea, vyovyote. Kuhusu mto sijarudi nyuma hata hatua moja. Ulikwenda mawio.

Leo nimerudi kwenye benchi langu. Vita vimeanza kama kawaida, lori likafika darajani, likasimama, na Kinyozi akanitazama kwenye kioo. Benchi zima likaningoja mimi. Nikainuka, nikaichukua sabuni kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipitisha njia ya msituni, nyuma ya kopo la poda, polepole, mpaka upande wa pili. Imefika salama, na chakula kilikuwa bado cha moto.